Kifo Hiki Hupiga Hodi

Wajukuu zangu, wa kike na wa kiume, mlio hapa Tiwi na mliooa na kuolewa Ukunda, Waa na Msambweni, nina neno nanyi. Si la kufurahisha.

Matangani ndiko maneno hutoka. Maiti ameshazikwa, wanawake wamekaa jamvini, na hapo ndipo mmoja anasema kwa sauti ya chini: "Mimi aliwahi kuniambia, huyu bwana ataniua." Wa pili anakumbuka aliona alama shingoni mwa marehemu, akaambiwa ni upele wa joto. Jirani wa ukuta mmoja anasema alisikia usiku, "humu utatoka umebebwa." Dada mtu alijua kuna panga linalolala chini ya kitanda, upande wa mume. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na hakuna aliyekileta penye cha mwenzake wakati mwenyewe yu hai. Halafu anapita mzee mmoja na kusema ni hasira za ghafla, shetani alimpitia kijana, na watu wanaitikia.

Ghafla ya wapi? Anayemuua mkewe ni nadra kuanza siku ile. Mara nyingi amekuja hatua kwa hatua, tena amesema kwa mdomo wake, na watu wa nyumbani wamemsikia. Nataka mjifunze kuyasikia maneno hayo mapema na kuyahesabu, maana ugomvi wa nyumbani si wa aina moja. Zipo nyumba zenye makelele kila Ijumaa ambazo hazitaua mtu. Na ipo nyumba kimya kabisa, mume hapazi sauti, anasalimia watu vizuri msikitini, na mkewe ndiye aliye hatarini kuliko wote kijijini. Sisi wazee tumezoea kuzipa nyumba zote dawa moja, "vumilia mwanangu, ndiyo ndoa", kama mwenye duka anayetoa Panadol kwa kila homa, iwe malaria iwe kichomi.

Yapo maswali yanayozitenganisha nyumba hizi, na wala si siri ya waganga. Muuguzi mmoja wa Marekani, Jacquelyn Campbell, aliyaandika mara ya kwanza mwaka 1985, yatumike wanawake waliopigwa wanapofika kutibiwa. Baadaye, akifundisha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, yeye na wenzake walifuatilia matukio katika miji 11 ya kwao. Waliwalinganisha wanawake waliouawa na waume au wapenzi wao na wanawake waliopigwa lakini wakabaki hai. Na kwa kuwa maiti hasemi, waliwauliza ndugu na marafiki zake, yaani watu walewale ambao kwetu wangekuwa jamvini. Matokeo yalitoka mwaka 2003. Leo maswali hayo ni 20, na yanakwenda pamoja na kalenda ambayo mwanamke huweka alama siku alizopigwa katika mwaka uliopita. Kalenda hiyo peke yake huwafungua macho wengi. Mtu hukumbuka kipigo cha mwisho. Hakumbuki kwamba zamani kilikuwa baada ya miezi, na siku hizi ni wiki kwa wiki.

Basi ulizeni hilo kwanza: vipigo vinaongezeka? Vinazidi ukali?

Kisha ulizeni habari ya koo. Katika yote nitakayosema leo, hili mlishike zaidi, kwa sababu ndilo tunalolipuuza zaidi. Utafiti wa kundi hilohilo uliotoka mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwanamume wake alikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara saba wa kuja kuuawa naye, akilinganishwa na aliyepigwa lakini hakukabwa. Kofi linaacha uvimbe, na watu wanauonea huruma. Mara nyingi kukabwa hakuachi kitu, hasa kwenye ngozi nyeusi kama zetu, na mwanamke mwenyewe anasimulia kama jambo dogo: "alinishika tu hapa." Mtu aliyebanwa vizuri huzimia ndani ya sekunde kama kumi. Kwa hiyo tazameni sauti iliyokwaruza, kumeza kwa shida, vidoti vyekundu ndani ya macho, au anayesema hakumbuki kilichofuata. Muulizeni kwa upole kama alijikojolea. Ni dalili kwamba alifika mbali, na ni jambo ambalo hatalitaja bila kuulizwa. Mishipa ya shingo inayopeleka damu kwenye ubongo inaweza kuumia kwa ndani, kiharusi kikaja siku kadhaa baadaye, watu wakidhani yameisha. Kwa hiyo ni hospitali, iwe hapa Tiwi au Msambweni, na akifika aseme wazi, "nimekabwa koo." Akisema "tuligombana" atapewa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani.

Silaha nazo. Kule Marekani wanauliza bunduki, kwa sababu waliona bunduki inapofikika hatari huongezeka zaidi ya mara tano. Tiwi bunduki ni chache, lakini panga liko kila nyumba, ndilo la nazi, ndilo la kuni, ndilo la shamba. Hakuna maana ya kuuliza kama lipo. Ulizeni kama amewahi kulinoa huku akimtazama, kama hulala nalo, kama amewahi kumwekea shingoni akasema alikuwa anatania. Ulizeni pia habari ya petroli. Siku hizi kwa ajili ya bodaboda petroli inakaa ndani ya chupa na madumu, nyumbani, karibu na watoto, na kuna wanaume wameanza kuitaja kwenye ugomvi.

Msidhani nazua. Septemba 1, 2024, Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda ambaye mwezi uliotangulia alikuwa Paris kwenye marathoni ya Olimpiki, alimwagiwa petroli na kuchomwa nyumbani kwake Kinyoro, Trans Nzoia, na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake. Alifariki Septemba 5 katika hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret. Mwanamume naye aliungua katika moto uleule na akafa siku chache baadaye. Wawili hao walikuwa wakizozania ardhi na nyumba. Baba yake Rebecca alisema mambo yalikuwa yameshafikishwa polisi, tena si mara moja. Yaani hodi ilipigwa, ikasikika mpaka kituoni.

Miaka mitatu kabla ya hapo, Oktoba 13, 2021, Agnes Tirop alikutwa amechomwa kisu nyumbani kwake Iten. Ilikuwa imepita mwezi mmoja tu tangu avunje rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za barabarani za wanawake peke yao. Mumewe alikamatwa huku kwetu Mombasa siku iliyofuata, akashtakiwa, akakana. Nawatajia hawa kwa sababu kuna wasichana hufikiri mambo haya ni ya mwanamke maskini asiye na pa kwenda. Agnes alikuwa na medali za dunia. Rebecca alikuwa na kiwanja chake.

Na hapo kwenye kiwanja nisimame kidogo, maana hili ni letu. Wangapi hapa wamekwenda Saudia, wakafua na kupika miaka, pesa zikija kwa simu, ploti ikanunuliwa na msingi ukamwagwa? Karatasi zimeandikwa jina la nani? Mwanamke anarudi, anauliza, na swali hilo moja linageuza nyumba. Msiache kuuliza mali yenu. Ila mjue kwamba siku mnayouliza mali ni siku ya hatari kama siku ya kudai talaka, na haifai kuuliza mkiwa wawili peke yenu ndani ya chumba.

Polisi wenyewe walisema wanawake 97 waliuawa nchini kati ya Agosti na Oktoba 2024. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana kama 51,100 duniani waliuawa na wapenzi au jamaa zao, takriban 140 kila siku, na Afrika ndiyo iliyoongoza. Idadi hizo zinatisha, lakini hazitamsaidia jirani yenu. Kitakachomsaidia ni kujua hali ya nyumba yake, ile moja.

Yako mengine ya kuuliza. Alimpiga akiwa mjamzito? Nyumbani kuna mtoto wa kambo? Anashika simu yake, anasoma ujumbe wa M-Pesa, anawatuma vijana wa bodaboda wamwambie mkewe alishukia wapi? Amesema, "nikikukosa mimi hakuna mwingine atakayekupata"? Wasichana wengi wakilisikia neno hilo wanaona ni mahaba. Na lile la "ukiniacha nitajiua" ndilo linalowashinda kabisa. Msichana anabaki kwa huruma, anaogopa kubeba damu ya mtu. Wajukuu zangu, mtu aliyekata tamaa ya kuishi haogopi jela. Mwanamume akianza kusema atajiua, ongezeni hilo kwenye hesabu, na mtafuteni ndugu yake akae naye karibu, amfikishe hospitali, maana huyo naye ni mgonjwa. Lakini mkewe asifanywe yeye ndiye dawa.

Kukosa kazi nako kumo, tena kwa uzito. Simtukani asiye na kazi. Vijana wetu wengi wanategemea mahoteli ya Diani, na mvua za Aprili zikija, wageni wakipungua, wapishi na mabawabu wanarudishwa nyumbani. Wengi wao wanakaa na wake zao kwa heshima, wanavua, wanalima, maisha yanaenda. Lakini kwenye nyumba ambayo tayari kuna kukaba na vitisho, miezi hiyo ni ya kuangalia kwa macho mawili.

Sasa mtaniuliza: si mwenyewe anajua kama mumewe ataweza kumuua? Anajua, na hajui. Akisema "ataniua", muaminini papo hapo, msimwambie anatia chumvi. Akisema "aa, huyu hawezi", endeleeni kuuliza, kwa sababu karibu nusu ya wanawake waliouawa au kunusurika katika utafiti ule wa Campbell hawakuwa wameona kwamba hatari imefika hapo. Mtu akiishi ndani ya moshi miaka, haunusi tena.

Kule Maryland, Marekani, maswali hayo ya Campbell yalifupishwa yakawa 11, polisi wayaulize mlangoni wanapoitwa kwenye ugomvi. Matatu ya kwanza ndiyo mazito: amewahi kukutishia au kukushambulia kwa silaha? Amewahi kutishia kukuua wewe au watoto? Unafikiri anaweza kujaribu kukuua? Jibu la "ndiyo" kwa moja tu kati ya hayo linatosha, na polisi anapiga simu palepale kwa watu wa kumsaidia. Maswali matatu hayo hata mtoto wa darasa la nane anaweza kuyakariri, na hayamgharimu mtu shilingi. Ila ulizeni akiwa peke yake. Kuliko kumuuliza mke mbele ya mumewe, au mbele ya mama mkwe, ni afadhali mnyamaze.

Hapa ndipo ninapogombana na wazee wenzangu. Maslaha yetu tunayapenda. Watu wanakaa chini ya mwembe, mume anaulizwa, anainamisha kichwa, anaomba msamaha, anatozwa faini, dua inasomwa, mke anapewa mkoba wake arudi. Kwa nyumba ya kelele hiyo ni kazi njema na nitakuja kukaa nanyi. Kwa nyumba yenye koo na panga ni kumrudisha mtu mahali pa kuchinjiwa, tena akiwa amemuaibisha mume mbele ya kadamnasi. Kwa hiyo maslaha yakiitishwa, maswali matatu yatangulie, kando, na mtu anayeaminika. Likipatikana jibu la "ndiyo", hakuna kikao cha kupatanisha. Mkiwa vijana mnaweza kulisema hili kwa adabu: "Wazee wetu, samahani, hili si la maslaha, hili ni la mahakama." Wakiwakemea, vumilieni kukemewa. Na baba anayemrudisha binti kwa sababu mahari yameshaliwa na hana cha kurejesha, mwambieni akope. Jamaa watachanga. Sanda nayo ina bei.

Kuna watakaoingiza dini. Eda, watasema, mke aliyeachwa akae nyumbani kwa mume. Ni kweli imeamrishwa, lakini hofu ya nafsi ni udhuru unaojulikana kwa wanavyuoni. Fatima bint Qays alipoachwa, akahofia kuingiliwa alipokuwa akikaa, Mtume (S.A.W.) alimruhusu kuhama. Kisa hicho kimo katika Sahihi Muslim. Nendeni kwa shehe mkamuulize, na suala la talaka lenyewe lipelekwe kwa Kadhi Kwale.

Kuondoka kwenyewe kuna namna yake, na hapa wasichana nisikilizeni kwa makini. Watu wote humwambia mwanamke "si uondoke", kama kwamba akivuka kizingiti amepona. Majuma ya kwanza baada ya kumwacha mwanamume anayemtawala mkewe ndiyo ya hatari kubwa. Ndipo anapoona mali yake imemponyoka. Kwa hiyo msimtangazie. Msiseme katikati ya ugomvi, "kesho naenda kwetu." Kitambulisho, kadi za kliniki za watoto, vyeti na hati za ploti vitangulie kidogo kidogo kwa mtu mnayemuamini. Simu zina njia za kuonyesha mlipo. Mtafuteni kijana anayejua azime, au muiache. Msikimbilie nyumba ya kwanza atakayokuja kugonga. Kubalianeni na jirani neno moja ambalo akilisikia, kwa simu au kupitia dirisha, anapiga kelele za mwizi na kuita watu. Kelele za mwizi huleta kijiji kizima; kelele za mke huleta watu watatu.

Na mkishatoka, msirudi peke yenu kuchukua vyombo. Msikubali "tuonane mara ya mwisho tuzungumze". Sufuria zitanunuliwa.

Sheria ipo. Tangu mwaka 2015 Kenya ina sheria ya kuwakinga watu na dhuluma za nyumbani, nayo haihusu waliofunga ndoa tu: imemtaja aliyekuwa mume, mchumba, mpenzi, na jamaa wa nyumba moja. Inatambua si kipigo peke yake, bali vitisho, kufuatwafuatwa na kunyimwa haki ya mali. Mahakama, na moja iko Kwale mjini, inaweza kutoa amri ya muda kabla hata mume hajaitwa, ikamkataza kumsogelea mke au kufika anapokaa. Mwenyewe akishindwa kwenda, mtu mwingine anaweza kuomba kwa niaba yake. Kituoni ulizeni dawati la jinsia, hakikisheni ripoti imeandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, na namba mmepewa, na fomu ya P3 ijazwe hospitali. Lakini mjue amri ya mahakama ni karatasi. Kwa mwanamume anayeogopa kupoteza kazi na heshima itafanya kazi. Aliyeshasema yuko tayari kufa hataisoma, kwa hiyo huyo apewe amri na mke naye afichwe.

Wajukuu zangu wa kiume, mliokaa mkidhani haya ni ya dada zenu. Mwenzenu akisema barazani "mimi nitamuua yule mwanamke," mnacheka, mnamwagiana mnazi. Msicheke. Mfuateni kesho yake akiwa mzima, mmuulize alimaanisha nini, mkae naye, panga lake mlichukue kwa kisingizio chochote, la kuazima, la kunoa. Mkiona anazidi, nendeni mkawaambie jamaa za mkewe; huko si kusengenya. Na ndugu yenu wa kike akiumizwa, msiende na marungu. Mkimpiga mtarudi nyumbani mkisifiana, na yule dada atabaki na mtu mwenye kisasi.

Na wewe unayejijua, unayehesabu dakika za mkeo akienda sokoni, ambaye umeshaweka mkono kwenye koo lake ukashangaa mwenyewe ulivyofika hapo: ondoka wewe kwanza. Nenda kwa kaka yako Lunga Lunga, kalale huko, umwambie sababu. Hakuna mwanamume wa Kidigo aliyewahi kuitwa mwanamke kwa kulala kwa kaka yake.

Ipo namba ya bure, 1195, ya kuomba msaada wa dhuluma hizi, mchana na usiku. Ihifadhini kichwani, pamoja na namba ya mtu mmoja wa kwenu, msiziache ndani ya simu. Simu ndiyo kitu cha kwanza kunyang'anywa.